Zheng He: Unamwamini yupi?

Jina la Mkokoni halina ubishi. Ni kijiji cha wavuvi huko Lamu Mashariki, upande wa bara, kinachotazamana na kisiwa cha Kiwayu. Mikoko unaiona kwa macho, jina limejieleza. Sasa panda boti uelekee kisiwa cha Pate, kwenye magofu ya Shanga. Kwa Kiswahili shanga ni zile za kuvaa, si ndiyo? Lakini utasikia pia kwamba jina hilo limetokana na Shanghai. Anayetajwa kwenye hadithi hiyo ni nahodha aliyekufa karibu miaka 600 iliyopita: Zheng He.

Alizaliwa 1371 katika jimbo la Yunnan, kusini magharibi mwa China, kwenye familia ya Kiislamu. Aliitwa Ma He. Babake na babu yake walijulikana kama mahaji. Alipokuwa na miaka kama 10, jeshi la Ming liliteka Yunnan. Kijana akashikwa, akahasiwa, akapelekwa kumtumikia mwana wa mfalme, Zhu Di. Mwaka 1402 Zhu Di akampindua mtoto wa kaka yake na kuwa mfalme Yongle. Yule towashi wake akapewa jina jipya, Zheng, kisha akakabidhiwa bahari.

Kati ya 1405 na 1433 aliongoza safari 7. Ya kwanza ilikuwa na meli zaidi ya 300 na watu karibu 28,000. Hebu linganisha: Vasco da Gama alifika Malindi 1498 akiwa na meli 3.

Sasa skiza hii. Mwaka 1415 twiga kutoka Malindi alifika kwa mfalme Yongle. Maafisa wakamtazama wakasema huyu ni qilin, mnyama wa ngano za Kichina ambaye huonekana tu pale mtawala anapokuwa mwadilifu. Kwa utawala uliotokana na mapinduzi, hiyo ilikuwa habari tamu. Maelezo yalikuwa mawili, mnyama wa kawaida wa mbali au ishara kutoka mbinguni, na lililoshinda ni lile lililowafurahisha.

Usiwacheke. Sisi je?

Huko Pate kuna simulizi kwamba meli ya Wachina ilizama karibu, mabaharia wakaogelea hadi ufukweni, wakasilimu, wakaoa. Mwaka 2005, miaka 600 tangu safari ya kwanza, kijana mmoja wa Pate aliyetajwa kuwa wa uzao huo alipata ufadhili wa kusoma China. Kama unaona mradi wa bandari ya Lamu, uliojengwa na kampuni ya Kichina, ni baraka, hadithi hii inaingia vizuri: kumbe ni ndugu wamerudi! Kama wewe ni mvuvi uliyepoteza sehemu za kuvulia, hadithi ni ileile lakini haimezeki. Kumbuka mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Malindi iliamuru wavuvi walipwe fidia ya Sh1.76 bilioni. Mtu kama huyo atasema ni propaganda tupu.

Basi tupime pande zote mbili. Mark Horton alichimba Shanga miaka ya 1980 akakuta makazi na misikiti ya tangu karne ya 8. Yaani mji ulikuwepo miaka 600 hivi kabla ya Zheng He, kwa hivyo mabaharia wake hawakuuanzisha. Vyombo vya Kichina vilivyopatikana pale? Vingine ni vya zamani kumliko yeye, vililetwa na biashara. Simu yako imetoka Shenzhen, lakini babu yako hakutoka huko.

Wanaokataa kila kitu nao wasikimbie. Kumbukumbu za Ming zinataja Malindi, Barawa na Mogadishu. Mwaka 2013 watafiti walipata Manda sarafu ya enzi ya Yongle. Sarafu hupita mikono mingi, haithibitishi kuwa meli ilizama Pate. Lakini haikubali pia useme kwamba China na pwani hii hawakujuana.

Hata Zheng He mwenyewe kila mtu ana wake. Muislamu anamwona ndugu wa dini. Lakini 1409 aliandaa jiwe la Galle, Sri Lanka, lenye lugha tatu, likimheshimu Budha, mungu wa Wahindu na Mwenyezi Mungu. Kuna wanaosema alikufa safarini 1433, wengine 1435 akiwa Nanjing. Ziko kumbukumbu za kaburi lake huko Nanjing, na wanaozitembelea hawangoji wanahistoria wakubaliane.

Mtego uko hapa: habari unayoipenda unaidai ushahidi mmoja, usiyoipenda unaidai kumi. Kugundua hilo hakuhitaji digrii, mimi mwenyewe chuo niliachia njiani. Jiulize tu: huu ushahidi ningeukubali kama ungekuwa wa upande ule mwingine? Kama jibu ni hapana, bado hujapima kitu, umechagua timu.

Na hapa Lamu timu zina uzito. Hadithi ya undugu inaweza kulainisha mkataba wa bandari, na hadithi ya chuki inaweza kumnyima kijana masomo. Zheng He hatapoteza chochote. Wewe utapoteza.