Edwin Link, fundi wa vinanda aliyefundisha marubani kupita mawinguni

Wengi wetu tumekwisha kupanda ndege na kujikuta ndani ya wingu zito. Nje hakuna mlima, hakuna ziwa, ni weupe tupu. Sisi tunashika kiti na kuomba Mungu. Na rubani, yeye anaona nini? Kama sisi, haoni kitu. Anasoma tu vyombo vilivyo mbele yake. Leo tunawaletea maisha ya mtu aliyetengeneza njia ya kujifunza ile kazi chini, pasipo kuhatarisha maisha.

Edwin Albert Link alizaliwa tarehe 26 Julai 1904 kule Huntington, jimbo la Indiana, Marekani. Alipokuwa angali mtoto, baba yake alinunua kiwanda kilichofilisika mjini Binghamton, jimbo la New York, akatengeneza humo piano na vinanda vikubwa vya upepo. Pale ndipo kijana alipojifunza ufundi wa mivukuto na mipira ya kupitisha hewa.

Mwaka 1920, akiwa na miaka 16, alilipa dolari 50 kwa saa moja ya masomo ya kurusha ndege. Wakati ule zilikuwa makuta mingi sana. Mwalimu akampandisha, akapindua ndege juu chini, akazunguka nayo, akashuka. Saa ikaisha, kijana hajagusa usukani hata mara moja. Makuta yamekwenda, elimu hakuna! Hakuacha kujifunza, lakini alibaki na swali: juu ya nini mwanafunzi asianze chini, kwa bei ndogo?

Alirudi kiwandani kwa baba yake, na mwaka 1929 mashine ilikuwa tayari. Ilikuwa ndege ndogo ya mbao, mabawa mafupi, imekaa juu ya mivukuto ile ile ya vinanda. Mwanafunzi akivuta usukani, hewa inaingia huku na kutoka kule, na mashine inainama, inainuka, inageuka kama ndege ya kweli. Kumbe watu waliona ni mchezo tu! Wanunuzi wa kwanza walikuwa wenye viwanja vya michezo, watoto wanatia sarafu na kucheza.

Kifo ndicho kilichofungua watu macho. Mwezi wa pili 1934, serikali ya Marekani ilinyang'anya makampuni kazi ya kubeba barua kwa ndege, ikaipa jeshi. Ilikuwa kipindi cha baridi kali, ukungu na theluji, na marubani wengi wa jeshi hawakuzoea kuruka bila kuona. Kwa miezi michache tu walikufa zaidi ya 10. Wakubwa wa jeshi wakamwita Link kule Newark. Siku ile ukungu ulikuwa mzito, na wale ofisiere walidhani hatafika. Link akatokea katika ule ukungu, akatua salama. Jeshi likanunua mashine 6, kila moja dolari 3.500.

Tueleze kidogo masomo yenyewe. Mwanafunzi anaingia, anafunikwa kifuniko, anabaki na vyombo tu: cha kupima mwendo, cha kupima urefu kutoka chini, dira, na kile kinachoonyesha ndege inageuka upande gani. Mwalimu anakaa pembeni kwenye meza yenye ramani, wanasemezana kwa redio. Juu ya ramani kinatembea kigari kidogo chenye wino, kinachora njia yote ambayo mwanafunzi amefuata. Akipotea, wino unamshitaki.

Ugumu mkubwa si mikono, ni mwili wenyewe. Ndani ya wingu, sikio la ndani linadanganya: ndege inageuka na kushuka, lakini rubani anajisikia amekaa sawasawa. Akiamini mwili wake, anakufa. Lazima ajifunze kuamini vyombo, hata pale mwili wote unakataa.

Katika vita ya pili ya dunia, mashine zaidi ya 10.000 zilitengenezwa, na marubani zaidi ya 500.000 walipita ndani yake. Baadaye Link aligeukia bahari, akatengeneza vyombo vya kuzamia. Ile kazi ilimtoa machozi: mwaka 1973 mtoto wake Clayton alikufa ndani ya chombo kimoja kilichonaswa chini ya maji. Baba hakukimbia, alitafuta namna ya kuokoa wengine watakaonaswa vile. Alikufa Binghamton tarehe 7 Septemba 1981.

Mashine za leo zinaongozwa na kompyuta, mivukuto imekwisha. Lakini kijana wetu anayeota kuwa rubani wa kazi, akifika kwenye breve ya kuruka kwa vyombo, atafungiwa ndani ya mjukuu wa ile mashine. Atakosea, ataanguka mara nyingi, na kila mara atafungua mlango na kwenda kula chakula cha mchana.