Shaaban Robert na Utetezi wa Karama

Marehemu Shaaban Robert alizaliwa tarehe 1 Januari 1909 katika kijiji cha Vibambani, karibu na mji wa Tanga. Alisoma Dar es Salaam, na mnamo mwaka 1926 akaajiriwa kuwa karani wa forodha. Ukarani, katika idara mbalimbali za serikali ya kikoloni, ndio uliomlisha kwa zaidi ya miaka thelathini.

Hali hiyo yafaa ikumbukwe na kila amsomaye. Mtumishi wa serikali ya wageni hakuwa na nafasi ya kuishutumu hadharani. Katika Kusadikika, kitabu kilichotoka mwaka 1951, alibuni nchi inayoelea angani, akamsimamisha kizimbani Karama, aliyeshtakiwa na Waziri Majivuno kwa kosa la kueneza elimu ya sheria. Karama alipewa siku sita za kujitetea.

Utetezi huo ni shule kamili ya ushawishi. Karama hatukani, adabu yake mbele ya mfalme inamjengea imani kabla hoja hazijaanza. Kisha kila siku anasimulia habari za mjumbe mmoja aliyetumwa mbali kwa faida ya nchi, akarejea na maarifa, naye akalipwa adhabu. Mateso hayo yanaamsha huruma, lakini huruma yenyewe imebebwa na ushahidi. Aristotle wa Uyunani alikwisha kuzitaja njia hizo zaidi ya miaka 2,300 iliyopita: tabia ya msemaji, hoja zake, na hisia za msikilizaji.

Katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, upande wa Rugaaga, si mbali na Mbarara nchini Uganda, Kiswahili huwaunganisha Wakongomani na Warundi wengi. Huko barua ya maombi yaweza kuamua chakula, shamba au hatima ya jamaa. Barua yenye machozi matupu, pasipo tarehe wala shahidi, Karama asingeipeleka barazani.

Pana udhaifu, hata hivyo. Mpinzani aliyepewa jina la Majivuno ameshindwa kabla hajafungua kinywa. Katika baraza la kweli mpinzani huwa na jina zuri na hoja nzito.

Mwaka 1954 kilitoka Kielezo cha Insha, chenye mifano ya uandishi wa nathari. Mfalme wa Kusadikika alishawishika, na Karama akaachiwa huru. Mwandishi mwenyewe alifariki Juni 1962, uhuru wa Tanganyika ukiwa na umri wa miezi sita tu.