Marehemu Mzee Matthew Wellington wa Kisauni
Mzee Matthew Wellington, Myao kwa kuzaliwa, alitekwa utumwani angali mtoto. Manowari ya Waingereza ikamwokoa, akasomeshwa Nasik, Bara Hindi. Mwaka 1872 alipelekwa bara kumtumikia Dakta Livingstone. Bwana huyo alipofariki kijijini kwa Chitambo, Mei 1873, watumishi wake walizika moyo wake chini ya mti, wakaukausha mwili kwa chumvi na jua, wakauchukua mabegani hata Bagamoyo, Februari 1874. Njiani iliwabidi kuufunga kama mtumba wa nguo, kwa kuwa wenyeji waliogopa maiti kupita kwao. Katika wachukuzi hao, aliyehudhuria maziko London ni Jacob Wainwright peke yake. Heshima hiyo, kwa maoni yetu, iliwastahili wote. Wellington alikuja Frere Town, Kisauni, akaishi kwa kazi hata uzeeni. Alifariki Mombasa mwaka 1935.