Hans Egede na Nyumba Yake katika Nchi ya Barafu

Habari za watu waliopeleka Injili katika nchi za mbali husimuliwa mara nyingi kana kwamba kila mmoja alikwenda peke yake, fimbo mkononi na Biblia kwapani. Kumbe wengi wao walikwenda na mke na watoto, na sufuria na vitanda, na kazi yao ilifanyika katikati ya mambo ya nyumbani ya kila siku: kuni zilizokwisha, mtoto mwenye homa, chakula kilichochelewa. Mwezi huu napenda kuwaeleza wasomaji habari za Hans Egede, mchungaji wa Kilutheri aliyekaa Greenland miaka 15, na hasa habari za mkewe Gertrud na watoto wao wanne, maana bila hao kazi ile isingalidumu hata mwaka wa pili.

Hans Egede alizaliwa tarehe 31 Januari 1686 huko Harstad, kaskazini ya nchi ya Norwei, ambayo siku zile ilitawaliwa na mfalme wa Denmark. Akasoma elimu ya dini katika mji wa Copenhagen, na mwaka wa 1707, akiwa kijana wa miaka 21, akawekwa kuwa mchungaji wa Vågan, katika visiwa vya Lofoten, mahali pa wavuvi. Akamwoa Gertrud Rask, aliyemzidi umri kwa miaka 13. Watu hushangaa wakisikia hayo, lakini nadhani umri huo ulikuwa baraka, kwa kuwa Hans alikuwa mtu wa moyo mwepesi kuwaka na mwepesi kuzimika, naye Gertrud alikuwa mwenye kudumu.

Katika vitabu vya zamani Hans alikuwa amesoma ya kwamba tangu karibu mwaka wa 985 watu wa asili ya Norwei walihamia Greenland, wakajenga makanisa na kuwa na askofu wao. Kisha merikebu zikaacha kwenda huko, na kwa miaka mia tatu hivi hakuna aliyejua habari zao. Basi wazo likamshika: ndugu hawa wanaishije bila neno la Mungu? Mwaka wa 1710 akawaandikia maaskofu wa Bergen na Trondheim kuomba mtu apelekwe. Hakumwambia mkewe. Gertrud alipopata habari alilia sana, na jamaa zake wakamkasirikia Hans. Walikuwa na nyumba nzuri na watoto wadogo. Ya nini kuwapeleka katika barafu kwa ajili ya watu ambao hapana ajuaye kama wako hai?

Hans hakumlazimisha mkewe. Miaka ikapita. Baadaye mateto na uonevu vikawafikia katika usharika wao, hata maisha ya Vågan yakawa machungu, ndipo akamwomba Gertrud ayaweke mambo hayo mbele ya Mungu katika sala. Akafanya hivyo, na tangu siku ile hakurudi nyuma tena. Mwaka wa 1718 Hans akaacha usharika wake, wakahamia Bergen na watoto wote: Poul, Niels, Kirstine na Petronelle. Huko wakangoja miaka mitatu, kwa sababu kulikuwa na vita na wafanya biashara hawakutaka kutoa fedha zao. Wengi waliwacheka. Mara Hans mwenyewe alipolegea, ni Gertrud aliyemkumbusha ahadi yake.

Mwezi wa Mei 1721 wakaondoka Bergen katika merikebu iliyoitwa Haabet, maana yake Tumaini. Poul alikuwa na miaka 12, Niels alikuwa mdogo kwake, na wasichana walikuwa wangali wachanga kwa safari ya namna ile. Katika mwezi wa Juni barafu iliwazunguka pande zote hata nahodha akakata tamaa; lakini tarehe 3 Julai wakafika pwani ya magharibi ya Greenland. Wakajenga nyumba ya mawe na udongo wa majani, ndani wakaifunika kwa mbao, juu ya kisiwa walichokiita kisiwa cha Tumaini. Hiyo ndiyo ilikuwa nyumba ya watu, nyumba ya Mungu na ghala, yote pamoja.

Watu wa asili ya Norwei hawakuwapo. Waliotoka kuwalaki ni Wainuit, wenyeji wawindao sili na nyangumi, wavaao ngozi, na lugha yao Hans hakujua hata neno moja. Mtu mwingine angalisema kwamba aliowafuata hawapo, na kazi imekwisha. Hans alikaa.

Hapo ndipo watoto walipoanza kazi. Baba alijifunza kwanza neno la kuulizia majina ya vitu, akawa akiuliza na kuandika, akiuliza na kuandika. Wakati wa baridi alikwenda pamoja na wanawe kukaa katika nyumba za wenyeji, ambamo jamaa nyingi zililala pamoja na taa za mafuta ya sili ziliwaka mchana na usiku, na harufu ilimshinda kabisa. Lakini Poul na Niels hawakuona harufu wala hawakuhitaji daftari. Walicheza katika theluji na watoto wa Wainuit, na lugha ikawaingia. Walimu wetu waliotumwa kwa kabila lingine watalitambua jambo hili, maana baba angali akihangaika na daftari lake, na mtoto amekwisha kugombana na wenzake kisimani kwa lugha ya wenyeji. Nami nimesahihishwa na wanangu mbele ya wageni, nikanyamaza.

Poul alikuwa na mkono mzuri wa kuchora. Baba yake alimwambia achore picha za habari za Biblia, akazichukua nyumba kwa nyumba, kwa kuwa maneno yake yalikuwa bado machache. Na hata maneno yalipopatikana kulikuwa na shida nyingine: watu hawa hawakuwa na shamba, wala kondoo, wala mkate. Mhubiri aliyezoea kusema habari za mpanzi na mchungaji mwema afanye nini kwa wasikilizaji wajuao bahari na barafu tu? Vijana wale wawili, waliokwisha kujua jinsi wenyeji wanavyonena nyumbani mwao, walimsaidia baba yao kuliko kitabu chochote.

Gertrud naye alitunza nyumba mahali ambapo katika Desemba jua huonekana kwa saa chache tu. Chakula kilitoka Bergen mara moja kwa mwaka, kama merikebu ilifika. Katika mwaka wa 1722 haikufika kwa wakati. Akiba ikapungua, na watu wa kazi waliokuja nao wakasema hawatakaa kufa na njaa. Wakaanza kujiweka tayari kwa safari ya kurudi. Hans akalegea, asijue la kuwajibu. Lakini Gertrud alikataa kufunga hata mzigo mmoja, akawaambia waliokuwa wakibomoa kwamba wanajitaabisha bure, maana merikebu itakuja. Wakamcheka. Ikaja tarehe 27 Juni, na chakula ndani yake.

Mwaka wa 1728 mahali pa kukaa pakahamishwa hata Godthaab, ambapo leo ni mji wa Nuuk. Mfalme alituma huko askari na wafungwa pamoja na wake zao ili kuijaza nchi. Lilikuwa shauri baya. Ugonjwa wa kiseyeye uliwaua wengi wakati wa baridi, na waliobaki waliasi, wakamtishia mchungaji kana kwamba ni yeye aliyewaleta. Mwaka wa 1731 mfalme mpya, Christian VI, akaamuru wote warudi. Egede akipenda kubaki, abaki, pamoja na watu wachache watakaokubali, na chakula cha mwaka mmoja. Jamaa ya Egede ikabaki, na watu kumi pamoja nao.

Si haki kuandika mema yake tu. Hans Egede alikuwa mkali. Waganga wa Wainuit aliwaona kuwa wadanganyifu, akawatisha na hata kuwapiga, na jambo hilo halikuwa njia ya Injili. Hata leo wako watu wa Greenland wanaomkumbuka kwa uchungu, kwa kuwa baada yake ulifuata utawala wa wageni. Katika mwaka wa 2020 sanamu yake iliyoko Nuuk ilipakwa rangi nyekundu. Wenyeji wa mji wakapiga kura, na wengi wa waliopiga walitaka isiondolewe. Nadhani walihukumu kwa busara.

Katika mwaka wa 1733 walifika ndugu watatu wa Herrnhut, wa kanisa la Moravian, lile lililokuja baadaye hata Rungwe katika 1891. Egede hakupatana nao katika mafundisho, wakaandikiana maneno makali. Hata hivyo aliwapa karatasi zake za lugha wanakili, na watoto wake wakawafundisha. Mwaka huo huo kijana mmoja wa Greenland alirudi kutoka Denmark akiwa na ndui mwilini. Wainuit hawakuwa wameujua ugonjwa huo kamwe. Ulienea pwani upesi, na nyumba nyingi zikabaki tupu pasipo mtu wa kuzika maiti.

Hapo mlango wa Egede ulifunguliwa. Wagonjwa waliwekwa ndani ya vyumba vya watoto na vya kulia. Gertrud aliwalisha, akawaosha, akakaa nao usiku, miezi mingi mfululizo. Wainuit waliokuwa wamemdhihaki mumewe kwa miaka kumi na miwili waliona namna watu hawa walivyowatunza wakati ndugu zao wenyewe walipokimbia kwa hofu. Huenda mahubiri yote ya Hans hayakufika mbali kama mabakuli yale ya supu. Lakini nguvu za Gertrud zilikwisha. Hakupona tena vizuri, akafa tarehe 21 Desemba 1735, mwenye miaka 62.

Hans alivunjika. Giza la moyo likamshika, hata kusali kukawa kugumu kwake. Wakati huo Poul alikuwa amekwisha kurudi, kwa maana alipelekwa Copenhagen kusoma, akaja tena mwaka wa 1734 akiwa mmisionari. Kazi ikawa na mtu wa kuishika. Mwezi wa Julai 1736 Hans akahubiri mara ya mwisho, naye alichagua Isaya 49:4. Afungue msomaji mwenyewe aone jinsi mzee yule alivyojisikia. Kisha akapanda merikebu pamoja na Niels na binti zake wawili, na jeneza la Gertrud likapakiwa pia, wakamzika Copenhagen.

Huko akawafundisha vijana waliojitayarisha kwenda Greenland, na mwaka wa 1740 akapewa cheo cha uaskofu juu ya kazi ile. Akafa tarehe 5 Novemba 1758 huko Stubbekøbing, katika kisiwa cha Falster. Niels alirudi Greenland kuwa mfanya biashara, na mwaka wa 1759 akaanzisha mji akauita Egedesminde, kwa kumkumbuka baba yake. Poul alitoa kitabu cha maneno ya lugha ya Wainuit mwaka wa 1750, na mwaka wa 1766 Agano Jipya lote likapigwa chapa katika lugha ile aliyoianza katika theluji, akicheza na watoto wenzake.