Percy Spencer: Yatima aliyeipa dunia maikrowevu

MKAZI wa Voi anayepasha moto kimanga cha jana huenda hajawahi kulisikia jina la Percy Spencer. Hata hivyo, kila anapoufunga mlango wa maikrowevu yake hufaidi kazi ya Mmarekani huyo ambaye hakumaliza hata shule ya msingi.

Spencer alizaliwa mwaka wa 1894 mjini Howland, jimbo la Maine. Babaye alifariki angali mchanga, mamaye akaondoka, naye akalelewa na jamaa. Alipofika umri wa miaka 12 alikuwa tayari kibarua kiwandani. Mwaka wa 1912, mkasa wa meli ya Titanic ulimfanya avutiwe na mitambo ya redio, akajiunga na jeshi la wanamaji na kujifunza fani hiyo kwa kujisomea usiku akiwa zamu.

Katika miaka ya 1920 aliajiriwa na kampuni ya Raytheon. Vita vya Pili vya Dunia vilipopamba moto, alibuni njia ya kuharakisha uundaji wa magnetroni, kiini cha rada, kutoka 17 hadi 2,600 kwa siku.

Kisa kinachosimuliwa zaidi ni cha mwaka wa 1945. Alikuwa amesimama karibu na magnetroni, mara chokoleti ikayeyuka mfukoni mwake. Mwingine angefua suruali na kusahau. Spencer aliagiza mahindi, yakawa bisi. Kisha yai, likalipuka na kumrukia mwenzake usoni. (Yai lenye ganda halifai kutiwa humo hadi leo.) Mwezi Oktoba mwaka huo aliomba hataza. Maikrowevu za kwanza, za 1947, zilikuwa na uzani wa kilo 340. Ile ndogo ya mezani ilitokea 1967.

Alifariki Septemba 1970, mwaka mmoja kabla ya Marekani kuanza kutekeleza kanuni za usalama wa chombo hicho. Kanuni hizo ziliuangazia zaidi mlango, kwa kuwa ndiko mawimbi yanakoweza kuvuja na kuunguza mwili. Kila maikrowevu ilitakiwa iwe na angalau swichi mbili za kuizima mlango ufunguliwapo.

Kwa hivyo umri si kipimo cha pekee. Mlango uliopinda, bawaba iliyolegea, komeo lililovunjika au kioo kilichopasuka ni sababu tosha ya kuacha kuitumia mara moja. Ikiendelea kunguruma mlango ukiwa wazi, ichomolewe na itafutiwe nyingine. Nayo iliyoundiwa volti 120 za Marekani, hata ikiwa zawadi ya jamaa wa ughaibuni, itaungua ikichomekwa moja kwa moja kwenye volti 240 za Kenya.

Kuifungua nyumbani kwa bisibisi ni hatari kubwa. Kapasita iliyo ndani huweza kuhifadhi umeme wa kuua hata baada ya plagi kuchomolewa.