René Magritte, mtoto wa inchi ya makaa aliyeweka mbingu ndani ya jicho

Mwezi uliopita tulikuwa kwenye matanga pale Kadutu. Kijana mmoja alikufa ndani ya shimo la dhahabu upande wa Kamituga, udongo ulimwangukia. Familia haikuwa na foto yake kubwa. Ilikuwa moja tu ya simu, amesimama mlangoni kwao anacheka, kofia imekaa upande. Rafiki zake wakaipeleka kwa fundi wa foto, naye akaikuza uso ukajaa karatasi yote, na ndani ya macho akaongeza kitu. Ukikaribia unaona mdomo wa shimo, miti ya kuzuia udongo na taa ndogo ikiwaka chini. Vijana waliisifu sana. Mama yake aliitazama kidogo, kisha akaigeuza ikaelekea ukuta.

Tuliporudi ofisini tulibishana juu ya hiyo foto mpaka jioni, na njo vile tukamkumbuka René Magritte, mchoraji wa Ubelgiji. Wengi wanajua picha zake bila kujua jina lake: mwanaume mwenye kofia nyeusi ya duara na tofaa la kijani mbele ya uso, au jicho moja kubwa lenye mawingu ndani. Wachache wanajua kwamba alikulia kati ya watu wa migodi.

Magritte alizaliwa tarehe 21 Novemba 1898 kule Lessines, mji mdogo wa machimbo ya mawe katika jimbo la Hainaut. Baba yake Léopold alikuwa fundi nguo na mwuzaji wa vitambaa. Mama yake Régina alikuwa mshona kofia kabla ya kuolewa. Walizaa wavulana watatu, René njo mkubwa. Familia ilihamahama, ikakaa muda mrefu Châtelet, karibu na Charleroi. Ile fasi Wabelgiji wanaiita Inchi Nyeusi, kwa sababu ya makaa ya mawe. Vilima vyake ni takataka za migodi zilizorundikwa, na mto wake, Sambre, ulipita katikati ya viwanda. Mwenye kukaa Kamituga au Nyabibwe hahitaji kuelezwa maisha ya hivyo yakoje, hata kama madini si yaleyale.

Usiku wa tarehe 24 Februari 1912 mama Régina alitoka nyumbani, akajitupa mtoni. Alikuwa mgonjwa wa moyo uliovunjika siku nyingi, na nyumba ilikuwa imezoea kumchunga. Mwili ulipatikana tarehe 12 Machi, zaidi ya wiki mbili baadaye. René alikuwa na miaka 13. Baadaye hadithi ilitembea kwamba walipomtoa majini nguo yake ya kulalia ilikuwa imepanda ikamfunika uso, na kwamba mtoto aliona. Waliochunguza maisha yake wanaona pengine hakuwako pale. Lakini mwaka 1928 Magritte alichora bwana na bibi wakibusiana, vichwa vyote viwili vimefungwa kitambaa cheupe, na tangu hapo watu hawakuacha kumwuliza kama kile kitambaa ni cha mama. Yeye alikataa. Hakupenda mtu achimbe ndani ya picha zake kutafuta maisha yake, na juu ya mama yake alisema kidogo sana hata kwa mke wake. Sisi tunamwelewa. Kuna familia hapa kwetu ambazo mtoto wao alibaki chini, na miaka kumi imepita hawajataja ile siku mezani.

Mwaka 1913, kwenye sherehe ya Charleroi, alikutana na Georgette, binti wa mwuza nyama. Vita ikawatenganisha, wakaonana tena Brussels mwaka 1920 na kuoana 1922. Alikuwa amesomea uchoraji kwenye Akademia ya Brussels, lakini uchoraji haukulisha nyumba. Alichora mapambo katika kiwanda cha karatasi za ukutani, akachora na matangazo ya biashara. Maonyesho yake ya kwanza peke yake, Brussels mwaka 1927, hayakupokelewa vizuri, basi wakahamia karibu na Paris kwa miaka mitatu.

Huko Ufaransa njo lile jicho lilipozaliwa. Aliliita Kioo cha Uongo, na picha inayojulikana zaidi ni ya mwaka 1929. Haina uso wala pua. Ni jicho moja linalojaza turubai yenye upana wa sentimeta 81 hivi, na fasi ya rangi ya jicho ameweka mbingu ya mchana na mawingu meupe. Katikati, mboni nyeusi imebaki nyeusi, kama shimo.

Hapa tusimame kidogo, kwa sababu mafundi wa foto wanajua kitu ambacho Magritte alikivunja makusudi. Jicho limelowa na limevimba kama mgongo wa kijiko, kwa hiyo linarudisha mwanga wa kilicho mbele yake. Piga mtu foto karibu na dirisha, utaona dirisha dogo jeupe ndani ya jicho lake, limepinda. Anayetaka kuweka kitu ndani ya jicho kwa simu au kompyuta anafuata sheria hiyo: anakipinda kifuate mviringo, anakipunguza mwanga, anaacha kivuli cha kope kipite juu, na hagusi nukta nyeupe. Akisahau kivuli, macho yanakuwa kama ya kubandika. Magritte hakupinda mbingu yake hata kidogo. Imenyooka, kama unaitazama dirishani. Basi mtu hajui: mawingu yako nje, jicho linayaona? Au yako ndani, na sisi njo tunachungulia?

Alicheza na foto pia. Mwaka huohuo wa 1929, katika jarida la rafiki zake wa Paris, picha yake ya mwanamke ilizungushiwa nyuso 16 za wanaume wa kundi lao, zote zimepigwa foto macho yamefungwa. Kuunganisha picha hakukuanza na simu. Hata kule Lamu, Kenya, Omar Said Bakor alikuwa akikata na kuunganisha foto za wateja studioni kwake kabla ya kompyuta.

Mwaka 1930 alirudi Brussels, mtaa wa Esseghem namba 135, nyumba ya kupanga, akakaa humo mpaka 1954. Alikuwa akichora amevaa suti na tai kama karani. Jicho lake lilinunuliwa na jumba kubwa la sanaa la New York mwaka 1936, lakini pesa ya kweli ilichelewa sana kumfikia.

Tarehe 8 Agosti 1956 moto ulishika mgodi wa Bois du Cazier, Marcinelle, pembeni ya Charleroi. Walikufa watu 262, zaidi ya nusu Waitaliano waliokuja kutafuta maisha. Mwaka uliofuata Magritte alimaliza picha kubwa ya ukutani katika jumba la sanaa la Charleroi. Hatukuti ndani yake shimo wala taa ya mchimbaji, na tulipoanza mabishano yetu hilo lilituudhi kidogo. Sasa hatuna hakika.

Mwaka 1966 alichorea Sabena, ndege ambayo wazee wetu wanaijua jina, picha ya ndege wa angani mwenye mwili wa mbingu na mawingu. Alikufa nyumbani kwake Brussels tarehe 15 Agosti 1967, kwa kansa ya kongosho. Georgette alimfuata mwaka 1986.

Wiki hii tulipita tena Kadutu. Fundi alikuwa ameombwa aondoe lile shimo. Alituonyesha foto ya mwanzo kwenye simu, akaikuza mpaka jicho likajaa kioo: ndani kuna nukta ndogo nyeupe, mwanga wa uani pale kijana alipokuwa amesimama mlangoni. Fundi alirudisha hiyo tu. Foto imetundikwa sebuleni, inatazama watu.