Sokoine na vita ya uchumi: Sifa zake na lawama zisizo zake

Na Mwandishi Wetu

JIONI ya Aprili 12, 1984, Watanzania waliokuwa karibu na redio walimsikia Rais Julius Nyerere akitangaza, kwa sauti iliyojaa majonzi, kwamba Waziri Mkuu Edward Moringe Sokoine amefariki dunia.

Sokoine alipata ajali ya gari eneo la Dakawa, mkoani Morogoro, akirejea Dar es Salaam kutoka Dodoma baada ya kikao cha Bunge. Alikuwa na umri wa miaka 45, na alikuwa ameushika wadhifa huo kwa mara ya pili kwa muda usiotimia miezi 14.

Katika kipindi hicho kifupi jina lake liliambatana na jambo moja: vita dhidi ya wahujumu uchumi. Zaidi ya miaka 40 baadaye, bado hutajwa kila bei zinapopaa au ubadhirifu unapofichuliwa. Hata hivyo, historia yake inaonyesha kuwa kugawa sifa na lawama za uchumi wa nchi si kazi nyepesi kama inavyosimuliwa.

Kutoka Monduli hadi uwaziri mkuu

Sokoine alizaliwa Agosti 1, 1938, Monduli, katika jamii ya Wamasai. Alijiunga na TANU mwaka 1961, akasomea utawala nchini Ujerumani Magharibi, na mwaka 1965 akachaguliwa kuwa mbunge.

Mwaka 1967 aliteuliwa kuwa Naibu Waziri na mwaka 1972 akawa Waziri wa Ulinzi. Februari 1977 alimrithi Rashidi Kawawa katika nafasi ya Waziri Mkuu.

Mwaka huo Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika na mpaka kati ya Tanzania na Kenya ukafungwa. Bei ya kahawa, zao lililoiingizia nchi fedha nyingi za kigeni, ilianza kuporomoka katika soko la dunia.

Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivamia Kagera. Tanzania ilishinda vita hiyo, lakini gharama yake ilimaliza akiba ya fedha za kigeni, huku bei ya mafuta ikipanda kwa kasi mwaka 1979. Mwishoni mwa mwaka huo Waziri wa Fedha, Edwin Mtei, alijiuzulu baada ya kutofautiana na Nyerere kuhusu masharti ya Shirika la Fedha la Kimataifa.

Novemba 1980 Sokoine aliondoka madarakani kwa sababu za kiafya, na Cleopa Msuya akachukua nafasi yake. Aliporudi Februari 1983, Msuya akihamia Wizara ya Fedha, alikuta hali mbaya zaidi. Viwanda vingi vilizalisha chini ya nusu ya uwezo wake kwa kukosa vipuri na malighafi. Wananchi walipanga foleni kutafuta sabuni, sukari na mafuta ya kupikia, na waliovikosa walivinunua kwa walanguzi kwa bei ya kuruka.

Msako wa 1983

Mwishoni mwa Machi 1983 msako ulianza nchi nzima. Maghala, maduka na nyumba za watu zilipekuliwa, na zaidi ya watu 1,000 walikamatwa. Wenye mali walioingiwa na hofu walizitupa usiku vichakani na baharini.

Aprili 1983 Bunge lilipitisha sheria maalumu iliyounda chombo cha kusikiliza kesi hizo nje ya mahakama za kawaida. Washtakiwa hawakuruhusiwa kuwa na mawakili, na sheria ilihusu hata makosa yaliyotendwa kabla haijatungwa. Mwaka 1984 ilifutwa na nafasi yake kuchukuliwa na sheria nyingine iliyorudisha makosa hayo Mahakama Kuu.

Mijini vita hiyo iliwagusa pia wanyonge. Kupitia sheria ya nguvu kazi ya mwaka 1983, watu wasio na ajira rasmi, wakiwamo wachuuzi wadogo, walikusanywa ili wapelekwe vijijini na mashambani.

Wananchi wengi waliipokea kwa shangwe hatua ya kuwagusa vigogo. Sokoine mwenyewe hakujulikana kwa kujilimbikizia mali, na hilo liliipa kampeni hiyo heshima ambayo amri peke yake isingeipata.

Matokeo yake madukani yalikuwa tofauti na matarajio. Bidhaa zilizokamatwa ziliuzwa na kwisha, na nyingine hazikuja. Ulanguzi ulikuwa umetokana na uhaba, nao uhaba ulitokana na viwanda vilivyosimama, wakulima waliolipwa bei duni na shilingi iliyopewa thamani kubwa kuliko uhalisia. Mlanguzi alipokimbia, rafu zilizidi kuwa tupu.

Upande usiosimuliwa

Kinachosahauliwa mara nyingi ni kwamba Serikali ya Sokoine ilianza pia kulegeza kamba. Mwaka 1983 mabasi ya watu binafsi yaliruhusiwa kubeba abiria Dar es Salaam, na huo ndio mwanzo rasmi wa daladala. Sera mpya ya kilimo ilitoa nafasi kwa wakulima wakubwa binafsi, Juni shilingi ilishushwa thamani, na Novemba mpaka wa Kenya ulifunguliwa.

Hatua kubwa zaidi ilikuja miezi miwili baada ya kifo chake. Katika bajeti ya Juni 1984, Msuya alitangaza kuwa wenye fedha zao za kigeni wanaweza kuagiza bidhaa bila kuulizwa walikozipata. Sabuni na nguo zikarudi madukani. Bajeti hiyo hiyo iliondoa ruzuku ya unga wa sembe, na maisha ya mlalahoi yakawa magumu zaidi.

Mwaka 1986 Rais Ali Hassan Mwinyi, aliyeingia madarakani mwaka mmoja kabla, alifikia makubaliano na Shirika la Fedha la Kimataifa, na sifa za kujaa kwa maduka zikamwendea yeye. Sokoine alibaki na sifa ya uadilifu, huku lawama za uhaba zikiangushiwa walanguzi.

Mgawanyo huo una kasoro. Walanguzi walinufaika na uhaba, lakini hawakuwa chanzo chake. Chanzo kilikuwa sera za Serikali ambayo Sokoine aliitumikia, pamoja na vita na misukosuko ya soko la dunia ambayo hakuna Waziri Mkuu angeweza kuizuia.

Sokoine alizikwa Monduli Juu. Chuo Kikuu cha Kilimo mjini Morogoro kilipewa jina lake mwaka huo huo wa 1984. Sheria ya uhujumu uchumi ya mwaka huo nayo ingali inatumika, na mwaka 2016 ilirekebishwa ili kuunda divisheni maalumu ya Mahakama Kuu kwa makosa ya rushwa na uhujumu uchumi.

Urithi wake wa uadilifu haupingwi. Ila mwaka 1983 ulithibitisha kwamba uadilifu wa kiongozi unaweza kumkamata aliyeficha sukari, lakini hauwezi kuizalisha.